Programu Isiyo na Baba

Tuwei Hadiwea,
Nyuma ya soko,
Lodwar.

Kwa Mchungaji Onésphore,
Msimamizi wa kijana Hardy katika mambo ya posa,
Kakuma.

Mpendwa Mchungaji,

KUH: PINGAMIZI LA POSA KWA SABABU YA MFUMO WA TOVUTI

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa joto la Lodwar ambalo huwezi kunionea wivu kwa kuwa Kakuma unalo lako. Natumaini waumini ni wazima, na kwamba mabati niliyowauzia hayajaanza kuimba kabla ya kwaya. Sisi huku tu wazima wote isipokuwa mimi. Nakuita Mchungaji wala si mkwe, na utaniwia radhi. Neno hilo la mkwe nimelirudisha kabatini mpaka haya yafuatayo yapate majibu.

Habari yenyewe unaijua, lakini malalamiko yasiyoanzia mwanzo ni uvivu. Kijana wako Hardy, Mkongo, mtengeneza tovuti hapo kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambaye wewe Mrundi unamsimamia kwa kuwa hana mzazi aliye hai, alileta posa kwa binti yangu Jebet, muuguzi wa huko huko. Sikukataa. Sisi Wakalenjin hatukatai posa siku ya kwanza, tunakunywa chai kwanza. Nilimpa tu mtihani mdogo: kabla ya koito, yaani kile kikao cha pande mbili kuzungumzia mahari, anijengee tovuti ya duka. Watu wa Todonyang hunipigia simu kuuliza bei ya matanki ya maji wakati nakula, wa Namoruputh hunipigia kuuliza bei ya mabati wakati nasali, na wote wakishajibiwa husema watanijulisha. Nilitaka tovuti iwajibu, mimi nile.

Hardy akaja na kompyuta yake. Akasema kwanza tuchague mfumo, ile programu inayokaa chini ya tovuti ili mwenye duka abadilishe bei na picha mwenyewe bila kumwita fundi kila mara. Akasema ipo mingi iliyo huria, inatolewa bila kuuzwa, ila yeye ameniletea mitatu. Mke wangu Jeptoo akasema basi tuipokee kama wachumba waliokuja kuposa. Niliona ni neno la busara. Leo nalilaumu.

Mchumba wa kwanza alikuwa maarufu, kila nyumba inamjua. Hardy mwenyewe alikiri kwamba kwa umaarufu huo hata wezi wanayajua madirisha yake, na kwamba usipomtia viraka kila wakati utajuta. Huyo nilimpa chai nikaimwaga. Wa pili alikuwa msomi. Anaweza kubeba tovuti ya wizara nzima, lakini kumwomba abadilishe bei ya misumari ni lazima umlete mtaalamu kutoka Nairobi, amweleze kwa adabu. Nina shemeji wa namna hiyo, mmoja anatosha. Wa tatu alikuwa mdogo asiye na makuu, anayeweka kila kitu kwenye mafaili ya kawaida, na ukurasa wake unafunguka hata kule Todonyang ambako mtandao huja kama mgeni wa Krismasi. Hardy akampendekeza huyo. Nikatikisa kichwa kukubali kabla sijauliza ukoo wake. Hapo ndipo nilipoteleza, na malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba programu hiyo haina baba.

Kwetu mchumba akibisha hodi haulizwi kwanza kama ana kazi. Anaulizwa ni wa nani: ukoo gani, na alama ya ukoo huo ni mnyama gani. Nikauliza, programu hii ni ya nani? Hardy akanijibu huku akitabasamu, "Papa, iko ya batu bote." Mchungaji, nimezeeka hapa Lodwar na mbuzi wa watu wote sijamwona bado. Hata yule anayezurura lamini akitafuna katoni ana alama sikioni, na ukimgonga kwa gari mwenyewe hutokea kichakani kabla hujazima injini.

Nilipombana zaidi, ikajulikana kwamba baba alikuwapo. Alikuwa mtu wa mbali, aliyeiandika programu mwanzo, akaichoka, akaiacha. Wengine wasiomjua wakaiokota, wakaandika majina yao hapo, wakaendelea kuilea. Hardy aliyasema hayo uso ukimng'aa, kama mtu anayesifu. Mimi nauza tanki lenye jina la kampuni ubavuni. Likipasuka najua pa kulibeba. Hii ikipasuka nimshike nani shati?

2. Kwamba programu hiyo haina haya.

Nimeelezwa kwamba mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuifunua na kuisoma ndani kutoka utosini hadi unyayoni. Hardy anasema hiyo ndiyo nguvu yake, kwa kuwa macho mengi huona mapema palipooza. Sikubaliani. Mimi na Jeptoo tumeoana zamani, na mpaka leo hajui ninainunua saruji kwa bei gani, na ndoa yetu haijatikisika. (Jeptoo amesoma aya hii juu ya bega langu na anasema anaijua, na ya misumari pia. Tuendelee.)

3. Kwamba programu hiyo imeniletea watu wanaosaidia bila kutaka kitu.

Asubuhi moja, baada ya Jebet kuweka picha yangu kwenye tovuti ili wateja wamwone mwenye duka, mambo yaliharibika. Kila bidhaa ikavaa picha yangu. Tanki likawa mimi, toroli likawa mimi, bakuli la choo likawa mimi, tena nikiwa na ile tai ya Pasaka. Mvuvi mmoja wa Ferguson's Gulf alinipigia simu kuuliza yule mzee anauzwaje na kama huletewa mtu hadi Kalokol.

Nilimpigia Hardy kwa ukali. Yeye akaandika tatizo langu kwenye uwanja wao wa mtandaoni, mahali wanapokutana wanaoitunza hiyo programu. Chai yangu haijapoa, mama mmoja wa Brazili na mzee mmoja wa Polandi walikuwa wanabishana kwa heshima kuhusu uso wangu. Kisha akaja kijana wa tatu, akarekebisha, matanki yakarudi kuwa matanki. Nikauliza wanataka nini. Hawataki kitu. Mchungaji, katika biashara, mtu asiyetaka kitu mimi humkagua mifuko. Tangu siku hiyo yule mzee wa Polandi humuuliza Hardy harusi imefikia wapi, na yule mama wa Brazili amemtumia Jeptoo salamu. Watu wasiojua Lodwar iko upande gani wa dunia wanajua kwamba mabakuli yangu ya choo yamepanda bei.

4. Kwamba ujumbe wenu wa koito ulikuwa wa kuokoteza, sawasawa na programu.

Nilitegemea kupokea baba wadogo, wajomba na shangazi wa damu. Mbele ulikuja wewe, Mrundi. Nyuma yako Mama Pascaline, mshonaji, aliyejitambulisha kuwa shangazi, lakini chai ilipokolea alisema mwenyewe kwamba alimjua Hardy kwenye foleni ya maji. Halafu Biar na Duop, mmoja Mdinka na mwingine Mnuer, ambao nimeambiwa kwao Sudan Kusini, ambako makabila yao hupigana, wangekuwa na mengine ya kuzungumza. Kwangu waligawana kochi moja kwa adabu, na kila mmoja akaapa kwamba yeye ndiye mjomba mkubwa.

Na mwisho kabisa akaingia Erupe. Mchungaji, Erupe ni mfanyakazi wangu. Ndiye anayenipakilia saruji. Mchana wa siku hiyo hiyo alikuwa dukani kwangu. Akaingia amechana nywele, akanisalimu, "Ejok, mzee," kana kwamba tulionana mwaka jana, akaenda kukaa upande wenu. Nilimvuta kando nikamuuliza anafanya nini kule. Akaniambia, "Mzee, hii kijana haina watu. Mimi nimekuja kuwa watu yake." Naeleza kwa maandishi kwamba hakuwa ameomba ruhusa.

Upande wetu ulikuwa wa ukoo mtupu, kama inavyotakiwa. Isipokuwa Bwana Kamande. Ndugu zangu wa Nandi walisema hawawezi kuja Lodwar kuchomwa kama mahindi, kwa hiyo Kamande wa duka la jirani alikaa mahali pa kaka yangu mkubwa. Yeye ni Mkikuyu wa Nyeri. Hilo ni jambo tofauti kabisa, maana Kamande tumemzoea.

5. Kwamba mlinipotezea kiti.

Viti vya plastiki niliviazima kanisani kwetu. Mama Pascaline alichukua kimoja, akakiweka katikati ya upande wenu, akakitandika kitenge. Kamande, ambaye magoti yake yanajulikana soko zima, alipotaka kukikalia, akazuiwa: "Hapana, papa. Hii kiti iko na mwenyewe." Ndipo tukaambiwa ni kiti cha baba yake Hardy, aliyezikwa Kongo na watu ambao mwanawe hakuwahi kuwajua. Kamande alisimama kikao chote akiegemea friji.

Marehemu namheshimu. Lakini nilipata taabu. Desturi ni kwamba mimi nitaje ng'ombe wengi kupita kiasi, baba wa kijana ashike kichwa, apunguze, nikasirike, apunguze tena, kisha tucheke. Nilitaja ng'ombe wangu nikakitazama kile kiti, na kiti hakikupunguza hata ndama. Wewe ulianza kuomba, na mtu anayeomba hapunguzi. Nilikasirika peke yangu, na kikao kikavunjika bila mapatano.

6. Kwamba ndoa hii ni mwiko, na ushahidi ninao.

Hili ndilo zito. Yule kijana wa tatu aliyeuondoa uso wangu kwenye bakuli la choo, nilimwomba Hardy namba yake nimshukuru. Sikuwa na nia mbaya. Nikapiga, nikasikia Kinandi, lugha ya kwetu. Kumbe ni kijana wa Kapsabet, na yeye ni mmoja wa hao walioiokota programu wakaendelea kuilea. Nikamuuliza ukoo. Akanijibu bila kusita kwamba wao ni watu wa nyuki.

Mchungaji, sisi pia ni watu wa nyuki.

Sasa nifuate polepole. Nilipomtaka Hardy anionyeshe watu wake, aliniambia kwamba watu wake ni hao wa uwanja wa programu na hao wa foleni ya maji, hana wengine. Kijana wa Kapsabet ni wa uwanja huo, kwa hiyo ni mtu wa Hardy. Kijana wa Kapsabet ni wa ukoo wangu, kwa hiyo ni mtu wangu. Kwa hiyo watu wangu ni watu wa Hardy, na Hardy ni wa nyuki, na Jebet ni wa nyuki, na mtu haoi dada yake. Ningekuwa nimechagua yule mchumba msomi anayetaka mtaalamu wa Nairobi, haya yasingetupata. Nililiwasilisha jambo hili kwa mjomba wangu kule Nandi, mzee anayejua koo zote. Aliuliza tu, "Cornelius, umekunywa maji leo?" Nachukulia kwamba bado anachunguza.

Mchungaji, nimekuandikia kwa mpangilio ili uone kwamba sina jazba. Lakini niseme na hili lisilo na namba. Ninaogopa. Binti ni huyu mmoja. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Hardy nimemwangalia miguu yote miwili, sioni kamba. Kesho anaweza kupata karatasi za kwenda Kanada, naye Jebet akapanda ndege nyuma yake. Kwetu, binti akitendewa vibaya, baba yake huvaa koti, akaenda kwa baba wa kijana, akaketi asiguse chai mpaka mambo yanyooke. Tovuti ikiharibika nitapoteza bei ya matanki. Hii ikiharibika, koti langu nitalivaa niende kwa nani? Kwenye foleni ya maji?

Najua utasema kijana ni mwema. Ni mwema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana mtu mbaya ningemfukuza siku ya chai. Anakuja kutoka Kakuma na vumbi la safari nzima kichwani kwa ajili ya kunirekebishia bei ya bawaba. Jebet naye akiwa likizo hushinda dukani wakibadilisha picha, na kicheko chao kinawashtua wateja wa rangi. Hilo nalo ni lalamiko, sikulipatia namba kwa sababu Jeptoo amenikataza.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima yafuatayo. Programu itafutiwe baba mmoja, anayejulikana, kabla ya mvua. Yule mama wa Brazili, yule mzee wa Polandi na yule mtoto wa Kapsabet wafike Lodwar wenyewe, wanywe chai, waseme ni wa nani na wanataka nini. Malazi nitayatafuta, joto wajitegemee. Erupe aamue ni wa upande gani, kwa sababu Jumatatu nina lori la saruji. Na Hardy alete baba. Simtaki tajiri. Namtaka mtu mmoja aliye hai, anayeweza kukaa kwenye kiti, kunipunguzia ng'ombe, na kugombezwa.

Lisipotimizwa hilo la mwisho, hakuna harusi. Tovuti ifungwe, Jebet aelezwe na wewe maana mimi sitaweza, nami nirudi kujibu simu za Todonyang nikiwa na ugali mkononi kama zamani.

Nisalimie Mama Mchungaji na watoto. Msalimie Mama Pascaline, umwambie gauni alilomshonea Jeptoo limemkaa vizuri hata kama lilikuja kama rushwa. Wasalimie Biar na Duop, kila mmoja kivyake, asisikie mwenzake kwamba nilimtaja wa kwanza. Kamande anawasalimu nyote, magoti yanaendelea kupata nafuu. Salamu pia kwa watu wa uwanjani, Brazili na Polandi, ikiwa zitafika.

Ni mimi, mwenye pingamizi na mwenye binti,

Cornelius arap Tuwei.

Baada ya kusaini: Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii, nikaenda stoo kuchukua viti nivirudishe kanisani. Kimoja Jeptoo amekataa kisirudishwe. Amekiweka dukani karibu na kaunta, kitenge kikiwa juu yake. Hardy akaingia wakati huo kubadilisha bei ya matanki. Hakuniona, nilikuwa nimeinama mlangoni mwa stoo, nyuma ya mifuko ya saruji. Vumbi la saruji lilikuwa limetanda kila mahali. Akakifuta kile kiti kwa mkono wa shati lake, taratibu, mgongo na miguu yake, kisha akaenda kuketi juu ya ndoo ya rangi, akaanza kazi. Nilikaa pale chini mpaka miguu ikafa ganzi.

Nilipoweza kusimama nilimuuliza, kitu kikiachwa na baba yake, huyo anayekiokota hufanyaje hasa, kuna utaratibu gani. Alidhani bado nagombana na programu. Akanijibu bila kuinua macho, "Papa, haina mambo mingi. Unaandika jina yako, unaanza kazi."

Basi andikeni jina langu. Siku ya koito ya pili nitakaa upande wenu, kwenye kile kiti, na kitenge kibaki palepale. Upande wa bibi harusi watasimama Jeptoo na Kamande. Ninavyomjua Jeptoo, mwenzangu, tutanyolewa bila maji, na ng'ombe alionisikia nikiwataja hatapunguza hata mmoja. Kwa hiyo njoo mapema, mkwe, tukae mimi na wewe na Erupe, tuone tutawatoa wapi.